S ya Fizikia na ndoto ya udaktari: kisa cha mwanafunzi wa baiolojia

Matokeo ya binti huyu ya kidato cha sita yalisomeka hivi: Fizikia S, Kemia C, Baiolojia B. Alisoma PCB katika shule ya serikali ambayo kwa muda mrefu wa kidato cha tano haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Kidato cha nne alikuwa na C ya somo hilohilo, kwa hiyo si kwamba Fizikia ilimshinda tangu utotoni. Jina lake silitaji, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyaacha.

Kwa hesabu za kuingia chuo kikuu hakuwa na tatizo. C ni pointi 3 na B ni pointi 4, jumla 7, wakati kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni principal pass (ufaulu wa A hadi E) mbili zenye jumla ya pointi 4. Tatizo lilikuwa mahali alipotaka kuingia. Shahada ya udaktari inataka principal pass tatu, Fizikia ikiwa mojawapo, na S si principal pass. Akaomba anachoweza kupata, akachaguliwa shahada ya sayansi ya baiolojia, miaka 3, chuo cha umma, na bodi ya mikopo ikamkubali. Nyumbani walishangilia. Yeye alishangilia zaidi, kwa sababu alikuwa na mpango ambao hakuna aliyemuuliza.

Nilikutana naye mwanzoni mwa mwaka wa pili, akiwa na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.1 na sapu moja, yaani mtihani wa marudio, aliyokwisha kuifuta. Aliletwa na mama yake mdogo, tunayefahamiana kwa miaka, ambaye shida yake ilikuwa moja tu: "Mwalimu, huyu mtoto anasema anasomea udaktari, lakini kitambulisho chake kimeandikwa baiolojia. Nisaidie kuelewa."

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Asome baiolojia miaka 3, apate shahada nzuri, kisha aombe udaktari akiwa tayari ana msingi. Aliupata kwa mjomba wake anayeishi Columbus, Ohio, na kwa video za wanafunzi wa Marekani wanaoonyesha ratiba zao za masomo, kahawa mkononi. Nilimuuliza kama aliwahi kufungua mwongozo wa TCU kwenye ukurasa wa kozi ya udaktari akasoma safu ya sifa za kujiunga. Alisema aliangalia ule wa wenye kidato cha sita, akajiona hayumo, akafunga.

Mjomba hakudanganya. Kule anakoishi, baiolojia ndiyo barabara kuu. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza: miaka 4 ya chuo, kisha MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, kisha miaka 4 ya shule ya udaktari, kisha mafunzo ya ubingwa ya miaka 3 hadi 7 kutegemea fani. Mwanafunzi anaweza kusoma shahada yoyote ile, hata ya muziki, mradi awe amepitia masomo yanayodaiwa: baiolojia, kemia ya jumla, kemia hai, biokemia na fizikia, pamoja na maabara zake. Wengi huchagua baiolojia kwa sababu masomo hayo karibu yote yamo humohumo. Kwa hiyo ushauri wa baba au mjomba aliye Ohio, akimpa kijana anayesoma Ohio, ni ushauri mzuri kabisa. (Hata huko, vyuo vingi vya udaktari havichukui wanafunzi wa kigeni au huchukua wachache mno. Nilimwambia mapema, nikijua swali linalofuata.)

Tanzania tulirithi mfumo mwingine. Udaktari wetu ni shahada ya kwanza. Mtu anatoka kidato cha sita anaingia moja kwa moja, miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya utarajali, kisha usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Baiolojia haiko kabla ya udaktari wala haiko chini yake. Ziko sambamba, kila moja na mlango wake. Anayepanga kufika kwenye udaktari kwa kupitia baiolojia ni kama aliyepanda daladala ya Mbagala akitegemea kushuka Tegeta. Dereva hana kosa, gari ni zima, na nauli amelipa.

Binti alinyamaza, kisha akasema jambo lililonionyesha kwamba ana akili: "Kwa hiyo mwalimu, nikimaliza nitakuwa nani?"

Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Nilimpa zoezi kabla ya kumpa ushauri: akatafute matangazo ya ajira za kada za afya yanayotolewa na TAMISEMI na yale ya Sekretarieti ya Ajira, asisome mishahara, asome mstari wa sifa tu. Alirudi na daftari limejaa. Daktari daraja la pili, tabibu, afisa muuguzi, mteknolojia wa maabara, mfamasia, afisa afya mazingira. Karibu kila tangazo linaishia na maneno yaleyale: awe amesajiliwa na baraza husika. Mwenye shahada ya baiolojia hakumwona. Alipomwona, ilikuwa kwenye matangazo ya taasisi za utafiti na za udhibiti, kwa jina la mtafiti msaidizi au mkaguzi au mchambuzi wa maabara.

Hili la maabara ndilo linalowaumiza wahitimu wengi. Mtu amesoma mikrobiolojia miaka 3, anajua kuotesha bakteria, anajua PCR (kipimo cha vinasaba), anaona maabara ya hospitali ya wilaya ina upungufu wa watu, anadhani ataingia. Haingii. Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya linasajili waliosomea maabara za afya, yaani waliopitia mafunzo ya sampuli za mgonjwa, usalama wake na namna ya kusaini jibu ambalo daktari atalitumia kutoa dawa. Unaweza kulalamika kwamba ni urasimu. Mimi naona baraza liko sahihi, na kwamba kosa liko kwa anayempa kijana wa miaka 19 barua ya kuchaguliwa bila kumwambia ni leseni gani ile shahada haitoi.

Tukaanza kupima njia.

Ya kwanza ilikuwa kurisiti Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani hufanyika Mei, na usajili wa NECTA, baraza la mitihani, hufungwa miezi mingi kabla. Faida yake iko wazi: akipata angalau D, anakuwa na principal pass tatu na anaweza kuomba. Nilimtaka kwanza aulize kwa maandishi ofisi za udahili za vyuo anavyovitaka kama wanapokea matokeo ya vikao viwili kwa kozi ya udaktari, kabla ya kulipa hata shilingi. Gharama yake ilikuwa upande wa pili. Kurisiti huku anasoma mwaka wa pili kungemlia GPA. Kuacha chuo ili arisiti kungemwachia deni la bodi kwa muda aliokwisha kusoma, na kuomba mkopo upya baada ya kuacha si jambo la kutegemea likae sawa. Baba yake ni fundi seremala. Ada ya udaktari bila bodi haikuwa mezani.

Ya pili ni stashahada ya utabibu, miaka 3, ngazi ya 4 hadi ya 6 chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na stashahada. Kwa hii, kidato cha nne kinatosha, na yeye kidato cha nne alikuwa na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Akimaliza ni tabibu mwenye leseni, anagusa mgonjwa, anaajirika hadi kituo cha afya cha kijijini. Akifaulu vizuri, vyuo vinampokea kwenye udaktari kwa sifa linganishi. Madaktari wengi nchini walipita humo, na sijawahi kuelewa kwa nini familia zetu zinaiona kama kushuka daraja. Kwa mtu anayetaka kumtibu mgonjwa kwa mikono yake na ana S ya Fizikia, hii ndiyo njia iliyonyooka, na angeijua miezi kumi na tano kabla ningemsukuma huko bila kusita. Sasa ameshasoma theluthi ya shahada kwa mkopo.

Ya tatu ni ule mpango wake wa awali: amalize baiolojia, kisha udaktari. Ni miaka 3, halafu 5, halafu 1, ikiwa atapata chuo kinachomkubali mwenye shahada asiye na principal pass ya Fizikia, na ikiwa atapata mtu wa kumlipia shahada ya kwanza ya pili. Nilimwachia aikokotoe mwenyewe. Aliifuta.

Ya nne ilikuwa kubaki alipo, lakini kuacha kusoma baiolojia kama mtu anayesubiri kitu kingine.

Nataka kukaa kidogo kwenye hii, kwa sababu ndiyo inayoelezwa vibaya. Tunapomwambia mtoto "kuna utafiti pia", tunasema kwa sauti ya pole. Hajui kazi yenyewe, nasi hatumwelezi. Nilimweleza binti habari ya mbu.

Ukishika Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis ukawaweka chini ya darubini, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Ni kipimo cha vinasaba kama PCR kinachosema yupi ni yupi. Lakini tabia zao si moja: gambiae anapenda damu ya binadamu na hupenda kuuma ndani ya nyumba usiku, arabiensis yuko radhi kumuuma ng'ombe na kuuma nje. Chandarua kinamkamata wa kwanza kuliko wa pili. Kwa hiyo wilaya inayogawa vyandarua na malaria haishuki, swali la kwanza halimhusu daktari. Linamhusu mtu aliyesoma wadudu, aliyetega mitego, akahesabu, akapeleka miguu ya mbu maabara. Katika Bonde la Kilombero ndivyo ilivyojulikana kwamba Anopheles funestus, ambaye mara nyingi hata si mwingi kwenye mitego, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi.

Halafu Misungwi, mkoani Mwanza. Mbu walikuwa wamezoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), wa chuo cha KCMC Moshi na wenzao wa London wakalinganisha aina za vyandarua vipya vyenye viambato viwili dhidi ya vile vya kawaida, kijiji kwa kijiji, wakipima watoto damu na kunasa mbu majumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo la kutumia vyandarua hivyo. Watu waliofanya kazi hiyo mashambani na maabara, wengi hawakuwa madaktari. Bagamoyo nako, Taasisi ya Afya Ifakara ilikuwa moja ya vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023. Na Kagera, vimelea vya malaria vyenye mabadiliko ya kijenetiki yanayodhoofisha dawa ya mseto viligunduliwa na watu wanaosoma mfuatano wa DNA. Ifakara yenyewe ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi iliyoanzishwa na Rudolf Geigy, na Geigy hakuwa tabibu, alikuwa mwanazuolojia.

Mama mdogo alisikiliza yote hayo kwa adabu. Kisha akauliza: "Sawa mwalimu. Na hao mbu, mtoto atakula nini kwao?"

Ni swali la haki, na jibu lake halipendezi. Kazi nyingi za utafiti ni za mkataba wa mradi. Mradi ukiisha, mkataba umeisha. Wengi huanza kwa kujitolea. Ajira ya kudumu kwenye taasisi za serikali ipo lakini ni chache, na mlango wake halisi hufunguka kwa shahada ya uzamili. Nilimwambia hivyo hivyo, binti akiwepo. Mama mdogo akapendekeza ahamie ualimu wa sayansi, maana shule zina uhaba. Si wazo baya, na ningeliunga mkono kama binti angekuwa na hata chembe ya hamu ya kufundisha. Hakuwa nayo, na mwalimu asiyetaka kufundisha huwaletea wanafunzi S kama ile yake ya Fizikia.

Basi tukaenda kwenye GPA, kwa sababu njia ya nne yote inaning'inia hapo. Vyuo vyetu vinahesabu kwa 5: daraja la kwanza ni 4.4 na kuendelea, la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4. Uzamili unaweza kuingia kwa 2.7, lakini ufadhili mara nyingi hutaka 3.5. Akiwa na 3.1 ya mwaka wa kwanza, na tuchukulie kila mwaka una uzito sawa, anahitaji wastani wa 3.7 kwa miaka miwili iliyobaki ili amalize na 3.5. Akitaka 3.8, ile ambayo vyuo vya umma huiangalia wanapoajiri mkufunzi msaidizi, anahitaji 4.15. Aliangalia namba hizo kwa muda. 3.7 inawezekana, alisema. 4.15 hakusema kitu.

Tulipochambua matokeo ya mwaka wa kwanza, kozi kwa kozi, picha ilijitokeza. Zuolojia B+, botania B+, baiolojia ya seli A. Kemia ya kifizikia C. Utangulizi wa takwimu ndiyo iliyompa sapu. Ile Fizikia haikuwa ajali ya shule tu. Kuna pengo la hesabu lililotoka advansi likamfuata chuoni. Na hapa ndipo mipango mingi ya wanafunzi wa baiolojia inapokosea: wanakimbilia sayansi ya viumbe ili waikwepe hesabu. Kwenye afya ya umma haikwepeki. Anayehesabu mbu anatakiwa aseme kama tofauti ya mbu 40 na mbu 55 ina maana au ni bahati tu. Asipoweza kusema hivyo, atabaki kuwa mtu wa kubeba mitego.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwenye mpango wake lilikuwa takwimu, kabla ya wadudu. Takwimu za kibayolojia kama kozi ya hiari mwaka wa pili, ingawa rafiki zake wote walichagua ikolojia ya wanyamapori kwa sababu ina safari ya Mikumi. Kujifunza R pembeni, programu ya takwimu isiyo na gharama, kwa kutumia data za maabara zao wenyewe badala ya mifano ya mtandaoni. Nilimtafutia mwanafunzi wa uzamili wa kumsaidia, na binti, kama malipo, akaombwa amfanyie huyo kazi ya kuingiza data. Parasitolojia, entomolojia na jenetiki zilikuwa za lazima tayari. Imunolojia akaiongeza. Ikolojia ya wanyamapori akaiacha kwa uchungu.

La pili ni PT, yaani mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wengi huichukulia kama wiki za kusubiri hela ya bodi. Wanaomba mahali palipo karibu na nyumbani, wanasainiwa kitabu, wanarudi. Kwa mtu asiye na leseni, wiki hizo ndizo cheti chake cha pili. Nilimwelekeza aandike barua mapema, Desemba, kwa vituo vinavyofanya kazi anayoitaka: Amani huko Muheza, ambacho ni kituo cha NIMR, Ifakara na Bagamoyo, na kiwanda cha Kibaha kinachotengeneza viuadudu vya kibayolojia vya kuua viluwiluwi. Barua iwe na sentensi moja inayosema anaweza kufanya nini, na nyingine inayosema anataka kujifunza nini. Barua yake ya kwanza ilikuwa na aya mbili za jinsi alivyopenda sayansi tangu utoto. Tulizikata zote. Kabla ya kuzituma akafanya kozi ya mtandaoni ya maadili ya utafiti unaohusu binadamu, inayotolewa bure na yenye cheti. Si kitu kikubwa, lakini msimamizi wa mradi akikiona anajua huyu hatalazimika kuanzishwa sifuri.

La tatu ni mradi wa mwaka wa tatu. Alitaka kuandika juu ya "changamoto za malaria Tanzania". Hiyo si mada, ni maktaba nzima. Tulifika hapa: mazalia ya mbu kwenye bustani za mchicha bonde la Msimbazi, matuta yenye maji yaliyotuama dhidi ya yale yanayomwagiliwa kwa ndoo, viluwiluwi wa Anopheles wangapi kwa kila mchoto wa kata. Inafanyika kwa nauli ya daladala, kata, sinia jeupe na darubini ya idara. Na ina jibu, hata likiwa la kusikitisha.

Kuhusu udaktari, sikumwambia auzike. Nilimwambia auweke mahali pake. Akimaliza shahada na bado anaamka usiku akitaka wodi, stashahada ya utabibu bado ipo, na atakapoingia atakuwa mtu mzima anayejua anachokifuata. Kurisiti Fizikia katikati ya mwaka wa pili nilipinga, na bado napinga. Yeye alitaka kujisajili kimyakimya, aliniambia baadaye. Kilichomzuia ni kwamba boom, ile hela ya bodi, lilichelewa na dirisha la usajili likafungwa.

Matokeo ya semesta ya kwanza ya mwaka wa pili yametoka: 3.6, na takwimu B. Kituo kimoja kimemkubalia PT, bila posho wala malazi, na familia inatafuta chumba. GPA ya mwisho ikifika 3.5, ataomba uzamili wa utafiti wa afya ya umma unaotolewa na Ifakara pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, na ataomba ufadhili kupitia mradi badala ya kuusubiri. Ikiishia 3.2 au 3.3, tumekubaliana hataomba uzamili mwaka huohuo. Atatafuta kwanza mwaka mmoja wa kazi ya mradi, hata ya kunasa mbu usiku, ili barua ya msimamizi ifanye kile ambacho namba haikufanya. Na ikishuka chini ya hapo, tunarudi kwenye utabibu, na safari hii anajua mapema ni nini kinachodaiwa na ada ni shilingi ngapi.